Nani Anakula Cha Juu Kwenye Dawa Zetu?

Maneno haya yalisemwa mbele ya mkutano wa familia zinazozungumza Kiswahili mjini Columbus, Ohio. Yameandikwa kwa ajili ya waliokuwa kazini siku hiyo.

Shikamooni wazee wangu. Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe. Mliotoka Bukavu, Uvira na Bujumbura, mliotoka Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam, nawashukuru wote kwa kuacha mapumziko ya Jumamosi mkaja kusikiliza habari za bei ya dawa.

Nimeitwa kusema kwa sababu kazi yangu iko nyuma ya kaunta ya famasia, na watu wengi wa jumuiya hii wananifikia pale wakiwa na hasira. Hasira hiyo naielewa. Mtu analeta cheti cha dawa, anatoa kadi ya bima, anaambiwa alipe dola 60 kwa dawa ambayo jirani yake kalipia dola 8. Anamtazama mfamasia, maana mfamasia ndiye binadamu pekee anayeonekana mbele yake. Leo nataka mjue kwamba bei ile haikupangwa na huyo mnayemwona. Ilipangwa na kampuni ambayo wengi wenu hamjawahi kuisikia, chini ya mikataba ambayo mimi mwenyewe siruhusiwi kuisoma. Na nataka mjue jambo la pili, ambalo ndilo hasa lililonileta: jimbo hili la Ohio liliwahi kuifungua mikataba hiyo, likasoma kilichomo, likabadilisha mambo. Kwa hiyo asije mtu akawaambia kwamba hapa hakuna linalowezekana.

Tuanze na huyo asiyeonekana. Hapa Marekani kampuni ya bima kwa kawaida hailipi famasia moja kwa moja. Katikati inasimama kampuni ya kusimamia mafao ya dawa. Watu wa kazi hii wanaiita kwa herufi tatu, PBM. Kazi yenyewe ilianza mwishoni mwa miaka ya 1960 ikiwa kazi ya ukarani: kupokea madai, kuhakiki kadi, kulipa. Leo PBM ndiyo inayoamua dawa gani iwemo kwenye orodha ya bima yako na ipi itolewe. Ndiyo inayoamua uchukulie dawa famasia gani. Ndiyo inayopatana bei na viwanda, ndiyo inayopanga famasia ilipwe kiasi gani, na ndiyo inayotamka kopei yako, yaani kile unachotoa mfukoni pale kaunta. Nikiingiza kadi yako kwenye kompyuta, jibu linarudi baada ya sekunde chache. Jibu hilo linatoka kwao.

Kampuni tatu zinashughulikia karibu asilimia 80 ya vyeti vya dawa nchi nzima: CVS Caremark, Express Scripts na OptumRx. Hesabu hiyo ni ya Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, katika ripoti yake ya Julai 2024. Sasa tazameni ukoo wao. Caremark ni mali ya CVS, wenye maduka ya dawa mnayoyaona kila kona, na tangu 2018 CVS hao hao wanamiliki bima ya Aetna. Express Scripts iko chini ya Cigna, nayo ni bima. OptumRx iko chini ya UnitedHealth, bima nyingine kubwa. Maana yake, mwenye bima, mwenye kupanga malipo na mwenye kuuza dawa wanaweza kuwa nyumba moja, na duka dogo la dawa la mtaani kwenu linapangiwa malipo na mshindani wake. Mimi nimeliona jambo hili kwa miaka na bado silizoei.

Mimi ni mfamasia na famasia inalipwa na hao hao, kwa hiyo nina maslahi katika habari hii. Mnipime kwa hilo. Ndiyo maana sitawapa malalamiko yangu ya kazini. Nitawapa yaliyoandikwa na wakaguzi wa serikali na yaliyoamuliwa na mahakama.

Wale wa Dodoma wanalijua soko la mahindi la Kibaigwa. Dalali asiye mwaminifu anamwambia mkulima gunia linakwenda kwa bei fulani, anageuka anamwambia mwenye lori kutoka Dar bei nyingine, na anahakikisha wawili hao hawakutani. Tofauti inabaki kwake, mbali na kamisheni yake halali. PBM nyingi zimefanya hivyo hivyo. Tuseme PBM inaitoza bima dola 20 kwa vidonge vya presha, halafu inailipa famasia dola 13. Dola 7 zinazobaki ndizo cha juu. Namba hizi nimezitunga kwa kuelewesha tu. Za kweli nakuja nazo sasa hivi, na ni za hapa hapa kwetu.

Familia nyingi zilizomo humu ndani zina kadi ya Medicaid, bima ya serikali ya watu wa kipato kidogo. Katika Ohio ya mwaka 2017, jimbo lilizilipa kampuni tano za bima ili ziwahudumie watu wa Medicaid. Kila moja ya hizo tano ilikabidhi upande wa dawa kwa PBM. Karibu zote zilikuwa na Caremark, na UnitedHealthcare ilikuwa na OptumRx, ndugu yake wa tumbo moja. Kuelekea mwisho wa 2017, famasia ndogo za Ohio zikaanza kupiga kelele kwamba zinalipwa chini ya bei ziliyonunulia dawa. Wakati huo huo gharama za dawa kwa jimbo hazikushuka. Sasa kama mlipaji halipi pungufu, na mpokeaji anapokea pungufu, hela imekwenda wapi?

Gazeti la hapa mjini, Columbus Dispatch, lililichukua swali hilo mwaka 2018 likalifuata wiki baada ya wiki. Waandishi walikaa na wafamasia wa miji midogo, wakaomba hesabu, wakabishiwa, wakarudi tena. Kuna watu wanasema magazeti ya mitaani hayana kazi siku hizi. Mimi nasema bila gazeti lile tusingekuwa na hadithi hii ya kusimulia. Idara ya Medicaid ya jimbo ikalazimika kuajiri wachambuzi waingie kwenye hesabu, na wachambuzi hao wakakuta PBM zinajipatia kwa kila cheti cha dawa mara 3 hadi 6 ya kiwango cha kawaida cha soko.

Mwezi Agosti 2018 ikatoka ripoti ya Mkaguzi wa Hesabu wa jimbo, wakati huo Dave Yost. Ripoti ilihesabu mwaka mmoja, kuanzia Aprili 2017 hadi Machi 2018. Cha juu cha mwaka huo mmoja, kwenye Medicaid ya Ohio peke yake, kilikuwa dola milioni 224.8. Kwenye dawa za jeneriki, zile za bei nafuu ambazo karibu kila mmoja wetu anatumia, za presha, za sukari, za pumu, cha juu kilifika asilimia 31.4. Katika kila dola 100 zilizotozwa kwa dawa hizo, dola 31 na senti zake hazikufika famasia. Hii ni hela ya kodi. Ni hela iliyotengwa kwa ajili ya mama mjamzito, mtoto mwenye pumu, mzee aliyevunjika nyonga.

PBM zilijibu, na ni haki mlisikie jibu lao. Zilisema tofauti ile inalipia kazi halisi: kuendesha mitambo ya madai, kupokea simu za wagonjwa, kukagua kama dawa mbili zinagongana mwilini, kubanana na viwanda na famasia juu ya bei. Kazi hizo zipo kweli. Ninapoona onyo kwenye kompyuta kwamba mgonjwa tayari anatumia dawa ya kuyeyusha damu, onyo hilo lina faida. Basi mwenye kazi alipwe. Lakini mwenye kulipa ajue analipia nini na kiasi gani. Jimbo zima la Ohio, lenye wanasheria na wahasibu wake, lilikuwa linalipa mamia ya mamilioni bila kujua.

Kilichofuata ndicho ninachotaka mkikumbuke kuliko vyote. Mwezi huo huo wa Agosti, jimbo liliamuru mikataba ya aina ile isitishwe, na kuanzia Januari 2019 PBM za Medicaid zikatakiwa kutoza kile kile zilichoilipa famasia, kisha ada yao iandikwe pembeni, ionekane. Mwaka 2019 Bunge la jimbo likaweka kwenye sheria ya bajeti kwamba Medicaid ya Ohio iwe na PBM moja tu, na kwamba PBM hiyo ifanye mkataba na serikali yenyewe, isijifiche nyuma ya kampuni ya bima. Mfumo huo ulianza kazi tarehe 1 Oktoba 2022, chini ya kampuni ya Gainwell. Nami niliyeko kaunta nawaambia tofauti ipo. Malipo yanaeleweka. Mtu wa Medicaid akija na cheti, sihitaji tena kubahatisha kama nitapata hasara kwa kumhudumia.

Upande wa mahakama nako hakukulala. Yost aliingia kwenye ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo mwaka 2019 na faili zile akaingia nazo. Juni 2021 kampuni ya Centene, iliyokuwa inaendesha bima moja ya Medicaid hapa pamoja na PBM yake, ilikubali kulipa Ohio dola milioni 88.3. Haikukiri kosa, lakini ililipa, na siku hiyo hiyo ikakubali kulipa Mississippi dola milioni 55.5. Baadaye majimbo mengine nayo yakadai, nayo yakalipwa. Oktoba 2022 OptumRx nayo ilikubali kulipa dola milioni 15 katika kesi ya mfuko wa fidia za wafanyakazi wa Ohio. Machi 2023 jimbo likaishtaki Express Scripts.

Ohio haikuwa peke yake. Jirani zetu wa West Virginia walitutangulia: Julai 2017 waliiondoa Medicaid yao kabisa mikononi mwa PBM, jimbo likalipa famasia lenyewe. Kentucky imekwenda kwa PBM moja. California ilichukua upande wa dawa wa Medicaid yake Januari 2022, New York Aprili 2023. Haya ni majimbo yasiyokubaliana kwa jambo lolote la siasa, na kwenye hili wameshika njia moja, Republican na Democrat. Sikumbuki jambo jingine la afya ambalo nimeliona hivyo.

Sasa mtu ataniuliza: mbona mimi sina Medicaid, nina bima ya kazini, na bei zangu bado zinaniumiza? Swali zuri, na hapa inabidi twende polepole kidogo.

Wengi wenu mnafanya kazi kwenye maghala ya Groveport na pembezoni. Mwajiri mkubwa mara nyingi hanunui bima. Analipa mwenyewe gharama za matibabu za wafanyakazi wake, na jina la bima lililoko kwenye kadi yako ni la kampuni aliyoikodi iendeshe makaratasi tu. Mipango ya namna hiyo inalindwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 inayoitwa ERISA. Sheria hiyo inasema, kwa kifupi, majimbo yasiingilie mipango ya mafao ya waajiri. Kwa miaka mingi, kila jimbo lilipotunga sheria ya kuzibana PBM, chama chao kilikimbilia mahakamani kikiwa na ERISA mkononi, na mara nyingi kikashinda.

Arkansas ndiyo iliyovunja ukuta huo. Mwaka 2015 walitunga sheria nambari 900. Ilisema PBM isiilipe famasia chini ya bei ambayo famasia imenunulia dawa. Orodha za bei zihuishwe haraka soko linapopanda. Famasia iwe na mahali pa kukata rufaa. Chama cha PBM kikashtaki. Kesi ilipanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na tarehe 10 Desemba 2020 majaji wote wanane walioisikiliza wakaamua kwamba Arkansas ina haki. Hukumu iliandikwa na Jaji Sonia Sotomayor. Kiini chake ni kwamba jimbo linaweza kupanga mambo ya bei hata kama mpango wa mwajiri utaguswa kwa gharama, mradi jimbo halimwamulii mwajiri mafao gani atoe. Majaji wa mrengo wa kulia na wa kushoto walikuwa sauti moja.

Mlango ulifunguka, lakini haukufunguka wote. Oklahoma ilikuwa na sheria ya 2019 iliyokwenda mbali zaidi: ilitaka mgonjwa awe huru kuchagua famasia, PBM isimsukumie kwenye maduka yake yenyewe. Agosti 2023 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko Denver ikazitupa sehemu hizo, na Juni 2025 Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza kesi. Kwa hiyo leo jimbo lina nguvu likigusa malipo, na linayumba likigusa famasia zipi zimo kwenye mpango wa mwajiri.

Arkansas hawakutosheka. Aprili 2025 gavana wao, Sarah Huckabee Sanders, alisaini sheria ya kwanza nchini ya kukataza kampuni inayomiliki PBM kumiliki famasia ndani ya jimbo. Ilikuwa ianze Januari 2026. CVS na Express Scripts wakashtaki, na Julai 2025 jaji wa shirikisho akaisimamisha kabla haijaanza.

Naisifu nia ya Arkansas. Nimeshawaambia navyoona kuhusu nyumba moja kushika bima, bei na duka. Lakini mkiniuliza wabunge wetu wa Ohio waanzie wapi, nitasema waanzie kwenye hesabu. Kuwatenganisha wenye PBM na maduka yao ni kesi ya miaka, na wagonjwa wa Columbus hawana miaka. Kufungua vitabu vya Medicaid hapa Ohio kulichukua miezi, na mara vilipofunguliwa hakuna aliyeweza kuvitetea vilivyokuwemo. Tena sheria isiyotanguliwa na hesabu inaweza kukosea shabaha. Jimbo likisema famasia ilipwe zaidi bila kujua cha juu kiko wapi, PBM itapandisha gharama kwa bima, bima itampandishia mwajiri, na mwajiri atakukata wewe kwenye mshahara. Nasema hivi nikiwa mfamasia ambaye angefaidika na nyongeza hiyo.

Na kuna hesabu nyingine iliyofungwa zaidi, nayo ni ya insulini. Wazee wengi hapa mna sukari, na wengine mna watoto wenye sukari, kwa hiyo nisikilizeni vizuri.

Wagunduzi wa insulini kule Toronto waliiuza haki yao kwa chuo kikuu mwaka 1923 kwa dola moja kila mmoja, ili dawa imfikie kila mtu. Miaka mia baadaye, katika nchi tajiri kuliko zote, watu walikuwa wanapunja dozi. FTC ilipozishtaki PBM kubwa tatu Septemba 2024, ilieleza kwamba chupa ya Humalog, insulini ya kampuni ya Eli Lilly, ilikuwa na bei rasmi ya dola 21 mwaka 1999, na kufika 2017 ilikuwa zaidi ya dola 274. Chupa ile ile, dawa ile ile.

Kilichotokea, kwa madai ya FTC, ni hiki. Kiwanda kinataka dawa yake iwekwe kwenye orodha ya PBM. PBM inataka marejesho, yaani kiwanda kikishauza kirudishe sehemu ya bei. Marejesho yakihesabiwa kwa asilimia, dawa yenye bei kubwa inarudisha hela nyingi kuliko yenye bei ndogo. Basi kiwanda kinapandisha bei rasmi, kinarudisha kingi nyuma ya pazia, na dawa inapendelewa. Mwenye bima nzuri haoni kitu. Anayeumia ni asiye na bima, au yule ambaye bima yake haianzi kulipa mpaka amalize dola elfu kadhaa za mfukoni. Huyo anatozwa bei rasmi yote, ile iliyopandishwa kwa ajili ya watu wengine kurudishiana.

PBM zinakanusha, zinasema wanaopanga bei ni viwanda. Viwanda vinasema vimelazimishwa. Mimi nasema wote wawili mikono yao ilikuwa ndani ya chombo kimoja. Machi 2023 Eli Lilly walitangaza kushusha bei ya Humalog kwa asilimia 70. Dawa haikubadilika na kiwanda kiliendelea kufanya kazi. Wale waliokuwa wanajinyima sindano kabla ya Machi ile walikuwa wanajinyima kwa ajili ya nini?

Wengine mna ndugu Minneapolis. Kule kulikuwa na kijana, Alec Smith, mwenye sukari ya aina ya kwanza. Alipofika miaka 26 sheria ikamtoa kwenye bima ya mama yake. Hakumudu insulini, akaanza kuipunja, akafariki Juni 2017, mwezi haujaisha tangu atoke kwenye bima. Wazazi wake waliipeleka huzuni yao bungeni, na mwaka 2020 Minnesota ikapitisha sheria yenye jina lake: mtu aliyekaribia kuishiwa na hana njia anaweza kwenda famasia akapata insulini ya siku 30 kwa dola zisizozidi 35. Chama cha viwanda vya dawa kiliishtaki sheria hiyo. Na mimi najiuliza mtu anaanzaje kuishtaki sheria kama ile.

Nisiwaache bila la kufanya Jumatatu.

Ukifika kaunta ukatajiwa bei kubwa, muulize mfamasia: nikilipa taslimu bila kutumia bima, ni kiasi gani? Zamani mikataba ya PBM ilitukataza kukwambia kwamba taslimu ni nafuu. Majimbo kadhaa yalianza kuvunja makatazo hayo, na Oktoba 2018 sheria mbili za shirikisho zikayafuta nchi nzima. Tunaruhusiwa kukujibu, basi tuulizeni. Ila mjue kwamba ukilipa taslimu, mara nyingi hela hiyo haihesabiwi kwenye kile kiasi unachotakiwa kumaliza kabla bima haijaanza kulipa. Mwenye ugonjwa wa kudumu apige hesabu ya mwaka mzima kabla ya kuamua. Na mwenye Medicaid asitoe hela yake kabla hajakaa na mfamasia wakaelewana.

Ukiwa na bima ya kazini, muulize mtu wa rasilimali watu: mpango wetu wa afya unalipwa na bima au na kampuni yenyewe? Jibu hilo ndilo linaloamua malalamiko yako yaende wapi. Mpango ukilipwa na bima, nenda Idara ya Bima ya Ohio. Ukilipwa na kampuni yenyewe, nenda Wizara ya Kazi ya shirikisho. Nimeona barua za watu wetu zikikaa miezi kwa sababu zilipelekwa mlango usiohusika.

Ukipiga simu kwenye bima na Kiingereza kinakusumbua, sema unataka mkalimani wa Kiswahili. Bima na hospitali zinazopokea hela za shirikisho zinatakiwa kukupa mkalimani bila malipo. Msimtumie mtoto wa darasa la tano kutafsiri habari za dawa ya moyo ya bibi yake. Hilo naliona kila wiki na linaniuma.

Kisha kuna kazi ya pamoja. Bunge la jimbo hili liko hapa hapa katikati ya mji, pale Broad na High. Wengi wenu mnapita na basi. Lina wawakilishi 99 na maseneta 33, na kila mmoja wenu ana mwakilishi mmoja na seneta mmoja. Kupiga kura kunataka uraia. Kumwandikia mbunge au kutoa ushahidi mbele ya kamati hakutaki uraia. Waombeni jambo moja, lile lililofanya kazi kwenye Medicaid: kila PBM inayohudumia bima yoyote ambayo jimbo lina mamlaka juu yake, itoe hesabu kila mwaka. Imetoza kiasi gani, imezilipa famasia kiasi gani, famasia zake yenyewe imezilipa kiasi gani kwa dawa ile ile, imepokea marejesho kiasi gani kutoka viwandani, na yamekwenda kwa nani. Hilo swali la famasia zao wenyewe msiliache. FTC ilipochungulia hapo, katika ripoti ya Januari 2025, ilikuta zile tatu kubwa zimejipatia kupitia famasia zao zaidi ya dola bilioni 7.3 juu ya gharama ya dawa zenyewe, kwenye kundi la dawa maalumu za jeneriki, zikiwemo za saratani na za virusi vya UKIMWI, kati ya 2017 na 2022. Kabla FTC haijatumia nguvu ya kisheria kudai karatasi zile, hakuna mtu wa nje aliyekuwa na namba hiyo.

Wafamasia tumekwenda mara nyingi mbele ya kamati, na wabunge wanajua tutasema nini. Wasichokisikia ni mama wa Uvira akiwaambia, kwa mkalimani, ni dawa gani aliyoiacha kaunta na kwa nini. Kwenye meza ya mlangoni kuna karatasi zenye majina ya wabunge kwa kila msimbo wa posta, na vijana wawili watakaokaa nanyi kuandika barua kwa Kiingereza kutoka kwenye maneno yenu ya Kiswahili. Njooni na stakabadhi za famasia za miezi ya karibuni, mkifunika namba zenu za bima, tuziambatanishe. Kamati ya afya inapokaa, tutapanga nani aende.

Sasa nipokee maswali. Tuanze na mzee pale nyuma.